Mthamini wa Shamba Akija, Muulize na Bima Yake

  Leo hatuzungumzi habari za mbolea wala dawa ya viwavi. Leo tunazungumza juu ya mtu ambaye hufika shambani mara chache sana, lakini akikosea, hasara yake yaweza kumaliza mavuno ya miaka mingi. Mtu huyo ni mthamini, yaani yule anayeeleza shamba lako lina thamani ya shilingi ngapi.

Mthamini huitwa lini? Huitwa unapotaka kuweka shamba rehani benki upate mkopo. Huitwa ndugu wanapogawana urithi. Huitwa chama cha ushirika kinapotaka kununua shamba au kiwanja cha ghala. Yeye hukagua mipaka, huhesabu mikahawa na migomba, hutazama nyumba, kisima na njia, hulinganisha na bei za mashamba ya jirani, kisha huandika taarifa. Kwa taarifa hiyo watu hutoa fedha zao.

Hapa Tanzania kazi hii ina sheria yake, nayo ni Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Ipo pia Bodi ya Usajili wa Wathamini. Asiyesajiliwa si mthamini, hata akija na gari na kamba ya kupimia. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: "Ndugu mthamini, cheti chako cha usajili kiko wapi?" Wengi wetu tukishauliza hilo, basi, tunaridhika. Lakini liko na la pili: "Je, unayo bima ya dhima ya kitaaluma? Tafadhali nionyeshe cheti chake."

Bima hiyo ni kitu gani? Bima ya gari mnaijua. Dereva akigonga mtu, kampuni ya bima hulipa. Hii nayo ni ndugu yake. Mthamini akikosea kwa kutokuwa mwangalifu, na mteja wake akapata hasara, kampuni ya bima humlipia mthamini yule fidia anayodaiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme chama chenu kinanunua shamba. Mthamini anaandika kwamba thamani yake ni shilingi milioni 60, nanyi mnalipa hizo hizo. Baadaye mnagundua kwamba alihesabu na kipande cha jirani; shamba lenyewe ni la milioni 35 tu. Fedha za wanachama, milioni 25, zimepotea. Mthamini hana kitu, ana meza na kiti ofisini. Hata mkishinda kesi, mtakamata nini? Hapo ndipo bima inapokuwa na maana.

Sasa, mkionyeshwa cheti, someni mambo haya matano.

Kwanza, jina. Liwe la mthamini huyo au la kampuni yake, siyo la rafiki yake.

Pili, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Bima nyingi za namna hii hutazama siku dai lilipopelekwa, wala si siku kosa lilipotendeka. Kwa hiyo mthamini akiacha kulipia bima mwakani, karatasi ya mwaka huu huenda isikusaidie. Nawe ukigundua kosa, usikae nalo. Mwandikie mara moja, ubaki na nakala.

Tatu, kiwango cha juu cha malipo. Katika mfano wetu, kama bima inalipa mwisho milioni 20, basi milioni 5 zinazobaki mtazidai kwa mthamini mwenyewe.

Nne, aina ya kazi. Cheti kitaje uthamini, siyo kazi nyingine kama upimaji au udalali.

Tano, jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba. Kwa hayo mtaweza kuuliza kampuni yenyewe kama bima ni hai. Kampuni za bima zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, nako mnaweza kuuliza.

Wapo wathamini wasiopenda kuonyesha. Mmoja atasema ni siri ya ofisi, mwingine ataona kama anajialikia kesi. Ni kweli, mkataba mzima wa bima una mambo yake ya ndani, na halazimiki kuwaachia wote. Lakini cheti cha ukurasa mmoja hakina siri ya kuogopwa. Anayekataa hata hicho, ninyi wenyewe mpimeni kabla ya kumkabidhi kazi. Kuuliza si ujinga, wala si matusi.

Ebu sikilizeni na haya, msije mkategemea bima mahali isipofika. Bima hii kwa kawaida hailipii udanganyifu wa makusudi. Mkikubaliana na mthamini apandishe bei ili mpate mkopo mkubwa, msitazamie kulipwa na mtu. Tena, angalieni taarifa imeandikwa kwa ajili ya nani. Kama benki ndiyo iliyompa kazi, mteja wake ni benki, na wewe huenda usiwe na haki ya kudai, hata kama ada ilitoka mfukoni mwako. Uliza jambo hilo kabla ya kulipa. Na Serikali inapotwaa ardhi, uthamini wa fidia huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Usiporidhika, njia yake ni kuleta pingamizi, siyo kutafuta bima.

Basi ndugu zangu, kabla ya kazi kuanza, andikeni mkataba. Ndani yake mtaje kwamba cheti cha bima kimeonyeshwa, na nakala imeambatishwa. Nakala hiyo iwekwe pamoja na hati ya shamba, risiti ya malipo na taarifa ya uthamini. Katika chama, mwekeni katibu azitunze, na wanachama wasomewe mkutanoni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpaka wiki ijayo, nawatakia kazi njema. Kwaherini.