Kusoma Chuo Kikuu kwa Njia ya Masafa: Uliza Kabla ya Kulipa



Mada yetu ni ununuzi wa elimu ya chuo kikuu kwa mtu asiyeweza kuhama nyumbani wala kuacha kazi. Tumetumia neno ununuzi kwa makusudi. Anayelipa ada ni mlaji, sawa na anayenunua saruji au dawa, na anastahili kulindwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba saruji mbovu hujidhihirisha mapema, ilhali shahada isiyo na thamani hugundulika baada ya miaka mitatu au minne, siku mwajiri anapoikataa. Ada inaweza kudaiwa. Miaka haidaiki.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaoamini kuwa elimu isiyotolewa ukumbini ni elimu ya daraja la pili. Historia haikubaliani nao. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watahiniwa wa mbali mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946, na Nelson Mandela alitunukiwa shahada ya sheria ya chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Hapa nchini, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992. Kwa hiyo swali la msingi si kama masomo yanatolewa darasani au mtandaoni. Swali ni: nani anaitambua shahada hiyo?

Hapa kuna maneno matatu ambayo matangazo huyachanganya, nasi tunaomba myatenganishe.

La kwanza ni usajili. Cheti cha usajili wa kampuni huthibitisha kwamba kampuni ipo kisheria. Hakiifanyi kuwa chuo kikuu. Mtu akikuonyesha cheti hicho pekee, bado hujajibiwa.

La pili ni ithibati. Maana yake ni kwamba mamlaka ya elimu imekagua chuo, walimu wake na mitaala yake, ikaridhika. Kwa vyuo vikuu nchini, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Uliza mambo mawili: je, chuo kina ithibati? Na je, programu unayoitaka nayo imeidhinishwa? Chuo kinaweza kuwa halali huku programu fulani ikiwa haijaidhinishwa.

La tatu ni utambuzi. Shahada ya chuo cha nje hutathminiwa na Tume hiyo kabla ya kutambuliwa nchini. Usisubiri kuhitimu ndipo uulize. Na kwa fani kama uuguzi, sheria na uhandisi, uliza pia mamlaka inayosimamia taaluma hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama utaruhusiwa kuifanya kazi uliyoisomea.

Pengine mtasema: tovuti ya chuo imeonyesha jina la baraza lililokipa ithibati. Mwezi Mei 2015, gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu Axact, kampuni ya Karachi nchini Pakistan. Uchunguzi huo ulieleza mtandao wa mamia ya tovuti za shule na vyuo vya kubuni, na pamoja navyo mabaraza ya ithibati ambayo nayo yalikuwa ya kubuni. Mnunuzi aliyetaka kuhakiki alielekezwa kwa mhakiki aliyetengenezwa na muuzaji yule yule. Funzo lake ni rahisi: usihakiki kupitia kiungo au namba ya simu uliyopewa na anayekuuzia. Ifikie mamlaka ya elimu kwa njia yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye gharama. Tumchukulie, kwa mfano tu, mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea anayetaka shahada ya ualimu. Tangazo limemtajia ada ya mwaka. Halikumtajia ada ya mitihani, bando la intaneti la kila mwezi, nauli ya kwenda kwenye kituo cha mitihani, wala gharama ya mafunzo kwa vitendo. Ikiwa ada inatozwa kwa dola, kiasi cha shilingi kitabadilika bila yeye kushauriwa. Kabla ya kulipa, aombe kwa maandishi gharama yote hadi kuhitimu, mahali mitihani itakapofanyika, na utaratibu wa kurejeshewa fedha endapo programu itafutwa. Chuo makini hakitachukizwa na maswali hayo.

Zipo dalili zinazopaswa kumsimamisha mlaji papo hapo. Kuahidiwa shahada kwa wiki chache, au kwa sababu tu ya uzoefu wa maisha. Kuambiwa punguzo linaisha usiku wa leo. Kutakiwa kutuma ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kukosa jina la mhadhiri hata mmoja unayeweza kuthibitisha yupo. Dalili moja yatosha kuahirisha malipo, kwani anayeahirisha kwa siku tatu ili aulize hapotezi kitu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi tangazo lenyewe, barua ya udahili, stakabadhi na mawasiliano yote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, lakini sheria huhitaji ushahidi. Na ukigundua umedanganywa, usinyamaze kwa aibu. Aibu ni ya aliyedanganya, na malalamiko yako huweza kumwokoa mwingine ambaye bado hajalipa.

Hatukuja kuwazuia kusoma. Tungependa kila anayesoma usiku baada ya kazi, watoto wakiwa wamelala, apate mwishoni cheti kinachokubalika popote atakapokipeleka. Ulizeni kwanza, mlipe baadaye.