Daftari la Kilo: Mazungumzo ya Kamati ya Afya Siku ya Kutimiza Miaka 10



Tumepewa dakika 15 tuzungumzie afya. Tunajua wapo waliotamani muda huu uende kwenye hesabu za hisa, lakini hesabu hizo mtazisomewa na Mweka Hazina baada yetu, na zinapendeza. Sisi tuliosimama hapa ni watu watatu: muuza vitafunwa, fundi cherehani na mwalimu mstaafu. Hakuna daktari kati yetu. Yale ya kitaalamu tumeyauliza kwa wahudumu wa afya na kuyasoma, na mengine tumejifunza kwa kukosea mbele ya macho yenu.

Wanachama wa zamani mnakumbuka mwaka 2016, kikundi kikiwa na miaka miwili tu. Mwenzetu mmoja aliamka asubuhi kukanda unga wa maandazi, mkono ukakataa. Ilikuwa kiharusi. Alikuwa na presha bila kujua, maana hakuwahi kupimwa tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Mfuko wa jamii tuliokuwa tukiuchangia kidogo kidogo ulimalizika wote kwa nauli, dawa na mazoezi ya viungo, na bado haukutosha. Yeye yupo pale mstari wa mbele, ametuangalia, na ametupa ruhusa tuseme. Biashara yake haikurudi. Mkopo wake tuliulipa sisi wadhamini. Tukakaa tukaulizana: hivi tunaweka akiba ya nini, kama mwili wenyewe wa kuitumia hatuuwekei?

Mwezi Desemba mwaka huohuo Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Tukasema basi na sisi tuanze. Januari 2017 tulitoka watu saba, saa 12 asubuhi, kutoka Tandika kuelekea Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Mkapa, kwenda na kurudi kwa miguu. Wengine tulikuwa na kandambili. Vijana wa bodaboda walitucheka sana.

Sasa jamani tuseme ukweli. Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyepungua hata kilo moja, na mmoja aliongezeka. Sababu mnaijua wenyewe: tulipokuwa tukirudi tulikuwa tunapita kwa mama wa supu. Supu, chapati mbili na soda baridi, maana "tumefanya kazi". Mama mwenye kilo 80 akitembea kwa haraka saa nzima anatumia kalori kama 250 hadi 300 hivi. Soda moja ya mililita 350 peke yake ina sukari zaidi ya vijiko vinane vya chai, karibu kalori 150. Weka na chapati, mwendo wote umefutika kabla hujaoga. Hapo ndipo tulipojua kwamba kilo hupungua hasa jikoni, na kutembea kunasaidia zisirudi. Pia kutembea kunashusha presha na sukari hata kama mizani haijasogea, kwa hiyo msije mkasema tumewaambia mazoezi hayana kazi.

Tukaingia jikoni. Mwalimu alituletea hesabu ambayo ilitunyamazisha. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta kwa wiki, kila mtu anakula karibu vijiko viwili vya chakula vya mafuta kila siku. Kila kijiko ni kalori kama 120. Na wengi wetu lita moja haifiki wiki! Hatukuwaambia watu waache mafuta. Tulisema yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Katika kikundi hiki hakuna anayetoa fedha sandukuni bila kuhesabu mbele za watu, na sanduku lina kufuli tatu. Mbona chupa ya mafuta haina hata moja?

Sahani nayo tuliipanga upya. Nusu mboga: mchicha, matembele, kabichi, chochote kilichopo gengeni. Robo ugali au wali. Robo maharage, dagaa au samaki. Kwa mtu aliyezoea mlima wa ugali na mboga za kuchovya tu, hii ni vita, tusidanganyane. Iliyosaidia ni kupunguza taratibu, mwiko mmoja mdogo kwa juma, na kuanza kula mboga kwanza. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vitafunwa vya dukani. Chai ya vijiko vinne vya sukari iliteremka hadi viwili, na wengine sasa hawaweki kabisa na wanaona ya wenzao inakinaisha.

Vikao vyetu pia vilibadilika. Soda na maandazi vikaondoka, yakaja maji na tikiti au chungwa. Palizuka maneno. Kuna aliyesema kikao kimegeuka wodi. Na muuza maandazi wetu alipoteza wateja 30 kwa siku moja, tusilifiche hilo. Baadaye alianza kuuza matunda yaliyokatwa na kuwekwa kwenye vikopo, na bado maandazi anauza kwa wengine.

Tunafika kwenye kosa letu kubwa, na hapa tunawaomba radhi tena mbele ya wageni. Tulinunua mizani kwa fedha za mfuko wa jamii. Kwa kuwa tumezoea kusoma hisa kwa sauti, tukasoma na kilo kwa sauti. "Mama fulani, 97." Watu wakacheka. Kikao kilichofuata wanachama wawili hawakuja, na cha pili yake hawakuja, na hisa zao zikasimama. Tulidhani wana safari. Kumbe ni aibu. Tuliwafuata nyumbani kwao, mmoja alitufungulia mlango, mwingine alituambia kupitia dirishani kwamba fedha zake tumrudishie. Ilichukua miezi miwili na maneno mengi ya upole. Wote wawili wapo leo. Tangu hapo kila mmoja ana daftari lake dogo la kilo, anapima nyuma ya pazia, anaandika mwenyewe, na hakuna mwenye haki ya kulifungua. Tunachosoma kwa sauti ni siku ngapi mtu ametembea. Hilo linapigiwa makofi.

Daftari hilo tunalitetea sana. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, watafiti Rena Wing na James Hill walianzisha orodha ya watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Walitaka kujua waliofaulu wanafanya nini. Njia za kupunguza zilitofautiana, lakini wengi wao wanajipima angalau mara moja kwa juma, wanakula kifungua kinywa, na wanafanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Hamna muujiza hapo. Mtu anayejipima huona kilo mbili zinaporudi, na kilo mbili unaweza kuzirekebisha. Asiyejipima hushtukia kumi.

Kuhusu muujiza sasa. Mnakumbuka ile chai ya kupunguza tumbo iliyopita hapa mtaani. Kuna waliochukua mkopo wa kikundi wakanunua, na fomu waliandika "mtaji". Juma la kwanza walishuka kilo tatu, wakatusuta kwamba sisi tunajitesa bure. Chai nyingi za namna hiyo zina majani ya kuharisha kama sanamaki. Kinachotoka ni maji, mafuta ya mwili yapo palepale. Mwenzetu mmoja aliishiwa nguvu sokoni hadi akawekewa dripu. Kilo zilirudi zote, na rejesho likabaki. Kamati ya Mikopo sasa inauliza maswali.

Kasi ya kufaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, na hata hiyo haiendi hivyo miezi yote. Mwili ukipungua huongeza njaa na kutumia nguvu kidogo zaidi, kana kwamba umeibiwa na unataka chake. Kwa hiyo mizani ikigoma mwezi mzima usidhani umelaaniwa. Lengo tulilojiwekea ni dogo: asilimia 5 ya uzito wako, yaani kilo 4 kwa mwenye 80. Linachekesha, lakini kiasi hicho kinaanza kushusha presha na sukari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hakuna anayewataka mkimbie kama Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Na siku mbili za juma tia misuli nguvu: kaa kwenye kiti na usimame mara kumi bila kushika kitu, pumzika, rudia. Nyanyua chupa za maji za lita moja na nusu. Wenye magoti mabaya waanze hapohapo kitini. Wanaotumia dawa za sukari waongee kwanza na daktari wao, kwa sababu baadhi ya dawa zinaweza kuishusha mno ukibadilisha chakula na mazoezi kwa ghafla.

Kuna jambo moja zito zaidi ya chapati. Sisi tumekulia mahali ambapo mama akinenepa husemwa ametunzwa, na mumewe anasifiwa. Halafu miaka ya themanini na tisini mtu akikonda majirani walinong'ona kwamba amekanyaga waya. Tumezika wengi wakati ule, hofu hiyo haikutoka hewani tu. Hadi leo mwenzetu akipungua kilo sita kwa jasho lake, anasalimiwa "shoga umeisha, unaumwa?" Wapo walioacha kwa sababu ya neno hilo moja. Tuliyoweza kufanya ni kukubaliana jibu: "Nimepungua kwa makusudi, njoo Jumamosi." Ila ukipungua bila kukusudia, hilo si la kufurahia, nenda kapime, inaweza kuwa sukari, kifua kikuu au jambo lingine linalotibika.

Na msifikiri tunasema ya wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Asiye na mizani achukue utepe wa fundi apime kiuno: kikizidi sentimita 80 anza kujihadhari, kikizidi 88 hatari ni kubwa. Fundi wetu anao, na hasemi.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zetu zimekwisha. Muuguzi yupo meza ya nyuma na mashine ya presha hadi saa 10 jioni, ni bure, na akina baba mnakaribishwa, tena ninyi hasa. Jumamosi tunaondoka saa 12 kamili asubuhi mbele ya ofisi ya mtaa, vaeni viatu. Pilau ya leo mafuta yake tumeyapima, na kachumbari ni nyingi.