Bale, Animasyo na Kitambulisho: Taifa Linavyochezwa



Nilipopeleka jina la mhadhara huu, kijana wa ofisini aliniuliza ni kikundi kipi kitakuja kupiga ngoma. Hakukosea. Hapa Uvira ukiambiwa harusini kutakuwa na bale, hutazamii binti anayesimama juu ya ncha za vidole. Unatazamia ngoma, njuga, vumbi, na noti zinazobandikwa kwenye paji la uso la mchezaji. Neno ni la Wafaransa, lakini waliolifanya letu ni Waafrika. Keita Fodeba wa Guinea aliunda kundi lake la Les Ballets Africains mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Guinea ilipopata uhuru mwaka 1958 kundi likawa mali ya dola. Wengine wakaiga. Tanzania nayo iliunda kundi lake la ngoma la taifa miaka ya 1960. Jirani zetu Wanyarwanda waliunda Urukerereza mwaka 1974. Kila serikali changa ilitaka wageni waione nchi nzima jukwaani kwa saa moja na nusu.

Tusidhani ni ugonjwa wa nchi changa. Januari 1958, kundi la New York City Ballet lilionyesha bale iitwayo Stars and Stripes. Muziki wake ni wa John Philip Sousa, mtunzi wa maandamano ya bendi za kijeshi, uliopangwa upya na Hershy Kay. Wachezaji wamegawanywa katika vikosi, kila kikosi na sare yake. Wasichana wanapiga saluti huku wakiruka, wavulana wanazunguka hewani kama askari waliopewa likizo, na mwishoni bendera kubwa ya Marekani inapanda nyuma yao hadi inafunika ukuta wa jukwaa. Wapo wanaoiona ni mzaha, wapo wanaofuta machozi. Mimi naona ni vyote viwili. Aliyepanga hatua hizo, George Balanchine, alizaliwa Saint Petersburg mwaka 1904, baba yake Mjojia. Alifika New York mwaka 1933, akapata uraia mwaka 1940. Basi ngoma ya bendera ya Marekani ilitungwa na mgeni ambaye matamshi yake ya Kiingereza yalimtambulisha hadi kufa kwake.

(Wazee wa pwani ya Afrika Mashariki wangecheka kusikia ngoma ya sare na saluti ikiitwa ngeni. Wao walikuwa na beni, ngoma ya tarumbeta, gwaride na vyeo vya kujipachika, tangu zama za ukoloni, na beni hiyo ilisafiri na vibarua na askari hadi migodi ya Katanga. Mtu asiye na cheo serikalini alikuwa jenerali Jumapili.)

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1971 nchi hii ya Kongo ilipewa jina la Zaire. Tukaambiwa tuvue suti tuvae abakosti, tuache majina ya ubatizo, tuitane raia. Rais Mobutu alizuru China mwaka 1973, akafika na Korea ya Kaskazini mwaka uliofuata, na viwanja vilivyojaa watu wanaokwenda kama mwili mmoja vilimpendeza. Kwetu michezo hiyo ya kumsifu kiongozi iliitwa animasyo. Shule, ofisi, kiwanda, kila mahali palikuwa na kikundi chake.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Walitutoa darasani kwa majuma matatu kufanya mazoezi, na shule yenyewe sitaitaja. Tulipaka chaki viatu vya turubai ili vionekane vipya. Siku ya siku tulipangwa kandokando ya barabara tangu alfajiri, jua likapanda kutoka upande wa Burundi, likavuka ziwa, likatupata. Kufika saa saba chaki ilikuwa imegeuka uji kwa jasho. Nyimbo zilikuwa za Kilingala, lugha ambayo wengi wetu hatukuijua. Tuliimba sauti tu. Mgeni tuliyemngojea hakufika. Tuliambiwa tumchezee hivyo hivyo, tukaichezea barabara tupu.

Nisiwadanganye kwamba nilichukia. Safu mia za miguu zikitua pamoja, kifua kinajaa, na mtoto anajisikia mkubwa kuliko kijiji chake. Wanaoandika kwamba animasyo ilikuwa woga mtupu hawakuwahi kuwa ndani ya mstari. Woga ulikuwapo, na raha ilikuwapo, na Mobutu alijua kuvichanganya.

Aliyetuongoza mstarini alikuwa mvulana kutoka milima ya juu, mtoto wa wafugaji wa Mulenge. Kwao hucheza mikono ikiwa imeinuliwa kama pembe za ng'ombe, na mwalimu alikuwa akimkemea ashushe mikono, maana chama cha Mobutu hakina ng'ombe. Alishusha. Maneno ya Kilingala aliyashika kuliko sote. Kuhusu uraia wa watu kama wao, mwaka 1972 sheria ilikuwa imewatambua kuwa Wazaire watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Tarehe 29 Juni 1981 sheria nyingine ikaifuta hiyo. Uraia sasa ulitaka uthibitishe kwamba kabila lako lilikuwa ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885. Mtu wa kijiji athibitishe kwa karatasi gani? Babu zetu wote, Wavira, Wafuliru, Wabembe, hawakuandika tarehe za kuhama kwao. Lakini swali hilo lilielekezwa kwa baadhi yetu tu. Sheria ya 2004 imerekebisha mengi, na damu iliyomwagika katikati, hata ile ya wakimbizi waliouawa Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, mwezi Agosti mwaka huohuo, haikurekebishika.

Swali langu kwenu wanafunzi wa sheria si la huruma. Dola ilimtumia mvulana yule kuonyesha kwamba taifa lipo, ikampa sare na mstari wa mbele. Je, kucheza kwake hakukuwa ushahidi? Marekani haikumuuliza Balanchine babu yake alizikwa wapi kabla ya kumkabidhi bendera. Marekani hiyohiyo iliwauliza wengine maswali mabaya zaidi, najua. Nazungumza juu ya jukwaa lile moja.

Nilimkuta tena rafiki yangu huyo aliyetuongoza miaka michache baada ya 1981, kwenye foleni ya ofisi fulani, akitafuta kitambulisho. Karani alimtaka alete wazee watatu wa kushuhudia ukoo wake. Karani huyo tulisoma naye. Alikuwa safu ya tatu, na kila mara mguu wake ulitua baada ya yetu.