Linto ya butiki si linto ya mlango wa nyumba
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, Baraka)

Nitasema juu ya linto tu, ile mbao ao beto inayolala juu ya mlango na dirisha. Ni kwa sababu kesho tunapiga kura ya kununua madriye, na orodha inasema kila nyumba ipate kipande kimoja cha 5 kwa 15, urefu mita 1 na 30.

Kwa mlango wa sentimita 90, ukuta wa matofali ya kuchoma, hakuna shida. Lakini munajua vile tunaishi. Mtu anarudi kutoka Nyarugusu, anaezeka manjanja, na kisha anapasua dirisha la upande wa barabara ili afungue butiki. Nafasi inakuwa mita 1 na 80. Linto anaunga vipande viwili katikati, misumari minne, basi.

Tupige hesabu. Matofali yaliyopangwa kwa kufungana yanajibeba yenyewe; linto inabeba pembetatu ya ukuta iliyo juu yake. Kwa mlango wa 90, ukuta wa unene wa sentimita 20, ni karibu kilo 70. Kwa butiki ya mita 1 na 80, pembetatu inapanuka mara mbili na kupanda mara mbili: karibu kilo 290. Na kwa kuwa mbao nayo imekuwa ndefu mara mbili, nguvu ya kuipinda katikati inaongezeka mara 8. Mwenye nyumba anafikiri ameongeza mara mbili tu! Na kama mti wa paa unakanyaga hapo katikati, linto inabeba na paa pia.

Jambo la pili halina makuta. Mafundi wetu wanapenda kulaza madriye, juu inakaa vizuri kwenye ukuta. Isimamisheni. Mbao ile ile ya 5 kwa 15 ikisimama ina nguvu mara 3 kuliko ikilala. Asiyeamini achukue ubao mwembamba, aukanyage kwa pande zote mbili, ataona.

Kwa butiki, basi, madriye mbili zisimame bega kwa bega, kila moja mita 2 na 40, ili kila upande iingie sentimita 30 ndani ya ukuta. Anayepiga beto, feri kubwa zikae chini, kwa kuwa chini ndiko beto inavutika na kupasuka. Miti ya kuegemeza isitolewe mbele ya majuma mawili. Na nyumba za matofali mabichi, hata mlango mdogo unaomba mita 1 na 50; ile 1 na 30 ya orodha haitoshi. Hapa si mahali pa kubahatisha: tetemeko la Disemba 2005 lilitoka chini ya ziwa letu hili.

Ninaomba kesho orodha ibadilishwe: tupime kila nafasi kwanza, ndipo tununue. Kama makuta hayatoshi, tuanze na wale waliokwisha kupasua ukuta. Na mwenye kuona ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya mlango, asimamishe miti chini ya linto leo, mbele watoto hawajalala.