Tabia ya Kuzaliwa Siyo Kisingizio



Wengi tumefundishwa zile tabia nne: sangwini mchangamfu, koleriki mwenye amri, melankoli mwenye mawazo mengi, flegmatiki mpole. Zilianzia kwa waganga wa kale wa Uyunani, waliodhani zinatokana na majimaji manne ya mwili. Mwaka 1966 Mchungaji Tim LaHaye wa Marekani alitoa kitabu kilichozieneza makanisani. Habari ya majimaji ilishakufa. Kujitazama bado kunafaa.

Lakini hapa Kampala nasikia mtu akisema, "Mimi koleriki, nivumilieni," huku mashemasi wanalia! Tena tunagawa mataifa: Wakongo sangwini, Wakenya koleriki, Waganda flegmatiki. Wapi! Katika ushirika wa kuvuka mipaka kama huu, huo ni ukabila tu umevaa suti.

LaHaye alimweka Petro kwa sangwini. Haya. Petro huyo alimkata Malko sikio, lakini waraka wake wa kwanza unatuagiza tuwajibu watu kwa upole. Tabia ile ile, ila Roho ameishughulikia.

Basi ukipewa karatasi ya kujipima, usiijaze peke yako. Mpe mkeo, au yule kijana anayekubebea spika, akujazie. Halafu unyamaze, umsikilize.