Umeme Sebuleni, Moshi Jikoni

Msikilizaji, Serikali imetangaza kuwa umeme umefika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Taa inawaka sebuleni, simu zinachajiwa, televisheni inaonyesha mpira. Zunguka nyuma ya nyumba hiyohiyo: mama ameinamia mafiga matatu, anapuliza kuni mbichi, machozi yanamchuruzika, na mtoto yuko mgongoni anavuta moshi uleule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Nasi bado tunayaita hayo mambo ya jikoni!

Nikisema tupikie gesi, utaniambia ni ghali. Ghali kuliko nini? Mkaa wa kopo unanunuliwa asubuhi, unanunuliwa tena jioni, na hakuna anayeuandika popote. Ujumlishe mwezi mzima, ndipo uulinganishe na mtungi wa kilo sita. Tatizo ni kwamba mtungi unataka fedha za mkupuo, na fedha za mkupuo katika nyumba nyingi ziko mfukoni mwa baba. Mama ameachiwa hela ya kula ya leo. Ndiyo maana mtungi wa ruzuku uliopokelewa kwa vigelegele ukiisha unawekwa kona, unafunikwa kitambaa, na mafiga yanarudi kazini. Anayevuta moshi siye anayeamua. Wengine wanadai maharage ya gesi hayana ladha. Mbona wasemao hivyo ni wale wanaoletewa sahani mezani? Na kama hutaki gesi, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na uniti haifiki shilingi 400.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, ila kugawa mitungi pekee hakutatufikisha huko. Mtungi wenye mita, unaolipiwa kadiri unavyopika, unaendana na mkoba wa mama. Na mwanamke anayeuza mkaa kwa kopo asisahauliwe: apewe mtaji awe wakala wa gesi, maana naye ana watoto wa kulisha.

Baba unayenisikiliza, mwezi huu kabla hujalipia king'amuzi, ingia jikoni unyanyue ule mtungi. Ukiuona mwepesi, kaujaze.