Mimba Zinazoharibika Mfululizo: Je, Ni Virusi?

(Mada iliyotolewa katika darsa la baada ya swala ya Alasiri, Mbagala, Temeke)

 

Ndugu zetu, katika darsa la akina mama tulijiwa na dada mmoja ambaye mimba zake tatu zimeharibika. Mama mkwe amekwisha kutaja sababu: jini mahaba. Mume amesikia kwamba ni virusi, naye akafahamu kuwa mkewe ameleta maradhi ya aibu kutoka nje. Sasa anatuuliza hukumu za talaka.

Tuanze na hivyo virusi. Kwamba huharibu mimba ni kweli. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoenea nchini, wafugaji waliona mifugo ikitupa mimba kundi zima. Utafiti wa Port Sudan, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kati ya wajawazito 28 walioambukizwa homa hiyo, 15 mimba zao ziliharibika. Rubela nayo, ikimpata mama katika miezi mitatu ya mwanzo, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Lakini homa ile huletwa na mbu na damu ya mnyama mgonjwa, na rubela huletwa na kikohozi cha mtoto wa jirani. Wapi hapo pana zinaa? Na enyi mnaowaficha watoto siku ya chanjo ya surua na rubela, iliyopo nchini tangu mwaka 2014, jueni kuwa mnaihatarisha mimba ya nyumba ya pili.

Hata hivyo, angalieni neno "mfululizo". Aliyeugua rubela kwa kawaida hubaki na kinga maisha yake yote. Basi vipi rubela hiyo hiyo iharibu mimba ya pili na ya tatu? Ndiyo maana madaktari hutazama zaidi mambo mengine: umbile la mfuko wa uzazi, kasoro katika vinasaba vya mke au mume, tezi la shingo, kisukari, na kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe na kugandisha damu. Hii ya mwisho hutibiwa kwa aspirini na sindano za heparini. Kaswende pia yaweza kuua mimba moja baada ya nyingine, nayo si kirusi, ni bakteria, na penisilini huiponya. Mume aweza kuwa ndiye aliyeileta. Tunaona safu ya nyuma wameanza kutazama saa.

Wako wengi ambao vipimo havioneshi sababu yoyote, na baadaye wakajaaliwa mtoto. Hao nao huambiwa wana jini.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa. Basi nendeni hospitali ya Temeke, na ndugu zetu wa Kinondoni waende Mwananyamala, mke na mume pamoja, damu ichukuliwe ya wote wawili. Ama lile swali la talaka, tumemwambia yule ndugu arudi nalo akiwa na majibu ya vipimo mkononi, vyake yeye kwanza.